Mjadala: 'Decimate' ni lazima iwe mmoja kati ya kumi?

Andika kwa Kiingereza kwamba ukame ume-'decimate' mifugo, yaani umeangamiza sehemu kubwa yake, hutakosa mtu wa kukurukia: neno hilo maana yake ni kuua mmoja katika kila kumi, kwa hiyo umelitumia vibaya. Mimi nasema anayekosea ni huyo msahihishaji. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo.

Asili haina ubishi. Kwa Kilatini 'decimus' ni wa kumi. Katika jeshi la Roma, kikosi kilichoasi au kukimbia vita kiliweza kupigiwa kura. Aliyeangukiwa, mmoja katika kila kumi, aliuawa na wenzake mwenyewe, mara nyingi kwa marungu. Crassus, jemadari wa Roma, aliifufua adhabu hiyo alipokuwa akipigana na Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi. Sasa fikirini: kilichowatisha watu hapo ni hesabu? Ni wale tisa walioshika marungu. Kwa hiyo sishangai kwamba Kiingereza kilichukua kitisho na kuiacha hesabu mapema sana. Neno liliingia katika lugha hiyo karibu na mwaka 1600, na ndani ya karne hiyo hiyo tayari lilitumika kwa maangamizi makubwa ya kila namna. 'Kosa' la zaidi ya miaka 300 bado ni kosa?

Hesabu nayo haikufa mara moja, nakiri. Mwaka 1655 serikali ya Cromwell, aliyetawala Uingereza baada ya mfalme kuondolewa, iliwatoza wafuasi wa mfalme sehemu ya kumi ya mapato yao, na kodi ile iliitwa 'decimation'.

Lakini kama asili ndiyo itawale, Desemba irudi kuwa mwezi wa kumi, maana ndivyo jina lake lisemavyo. Na ushuru wetu? Umetokana na Kiarabu, sehemu ya kumi. Nani hukataa kuuita ushuru unapotozwa asilimia 25? (Kuukataa kwa sababu nyingine, hao wapo wengi.)

Wasahihishaji nawaunga mkono mahali pamoja tu: 'decimated by 40 percent' inakera, kwa sababu neno lenyewe limeshabeba kiasi, yaani sehemu kubwa. Vivyo hivyo kulitumia kwa kitu kilichoisha chote. Lazima kuwe na masalia.

Wanaopinga, nijibuni hili: lini mara ya mwisho mlihitaji neno la kuua mmoja kati ya kumi kamili?