Nyumba ya Sinza 🏠

Mama Salma, 18:42: Jamani umeme umerudi tangu saa kumi, mtandao bado. Salma hajamaliza maombi ya mkopo wa chuo na dirisha linafungwa leo saa sita usiku. Nani yuko nyumbani aangalie?

Mama Salma, 18:51: Naona wengine mmeshasoma. Jibuni basi.

Juma, 18:58: Mbona tunachati shangazi

Mama Salma, 18:59: Nipo kwenye bando langu! Wifi imeshika, kurasa hazifunguki. Fadhili uko wapi?

Fadhili, 19:10: Nipo, natoka kazini. Salma, fungua kile kidirisha cheusi kwenye laptop uandike ping 8.8.8.8, hiyo ni namba ya Google, tuone kama intaneti inajibu

Salma, 19:14: Imejibu mara nne anko. Nikiandika jina la tovuti inasema haioni

Fadhili, 19:15: Basi laini ni nzima, kilichokufa ni DNS. Mashine zinatafutana kwa namba, DNS ndiyo inayogeuza jina kuwa namba.

Baba Tunu, 19:16: DNS = Dada Nikopeshe Sukari

Juma, 19:16: 😂😂 Dada Naomba Salio

Mama Salma, 19:17: Msianze!! Mtoto atakosa chuo hapa.

Fadhili, 19:18: Salma, kwenye mipangilio ya wifi, DNS ni namba gani?

Salma, 19:21: 192.168.1.50

Fadhili, 19:22: Ni kile kikompyuta changu nyuma ya TV, cha kuzuia watoto wasiingie tovuti mbaya. Rauta inawapeleka wote pale. Taa ya kijani inapepesa?

Salma, 19:24: Nyekundu tu imetulia. Kijani haiwaki kabisa

Fadhili, 19:25: Hakisomi kadi ya memori. Umeme ukikatika ghafla kadi inaweza kuharibika. Ndiyo maana mwaka jana nililia tununue UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, na hela tukachanga.

Mama Salma, 19:26: Tulichanga. Akapewa Baba Tunu.

Baba Tunu, 19:27: Mama Salma tusirudi huko

Mama Salma, 19:27: Turudi! Kila mtu alitoa elfu ishirini.

Bibi, 19:34: Hela hiyo nilimwambia mimi atengenezee pampu ya maji, na nikamwambia anyamaze. Maji mnaoga kila siku. Asiulizwe tena. Mtoto amalize maombi kwanza.

Mama Salma, 19:41: Sawa mama. Samahani Baba Tunu.

Fadhili, 19:42: Shikamoo bibi. Salma, hapo kwenye DNS toa otomatiki, andika kwa mkono 8.8.8.8, chini yake 1.1.1.1, hizo ni DNS za nje. Hifadhi, zima wifi, washa.

Salma, 19:49: IMEFUNGUKA 😭 asante anko. Naanza kupakia vyeti

Juma, 19:50: Na simu zetu?

Fadhili, 19:52: Zinasubiri mipangilio ya rauta ibadilishwe, paswadi anayo Baba Tunu. Ila tukibadilisha, watoto hawana kizuizi mpaka ipatikane kadi mpya.

Mama Salma, 19:53: Baba Tunu, paswadi. Na kadi ananunua nani?

Mama Salma, 20:30: Nauliza kadi ananunua nani.

Baba Tunu, 21:05: Paswadi niliandika kwenye daftari la Luku. Nitaangalia Jumamosi

Shemeji Hamisi, 22:47: Nimekuta meseji nyingi, kuna msiba?

Mama Salma, 22:48: Hakuna. Salma ametuma maombi, alhamdulillah. Kesho unapita Kariakoo? Tuletee kadi ya memori.

Shemeji Hamisi, 22:55: Ya GB ngapi?