Difyuza ya mafuta ya harufu, nichukue ipi kwa chumba cha kulala?

Habari wadau, nataka difyuza (kifaa cha kusambaza harufu) ya chumbani, chumba ni kidogo na nina paka. Naona kuna ya maji, kuna nebulaiza, kuna ya vijiti vinavyochovywa kwenye chupa ya mafuta, nachanganyikiwa. Ipi inafaa?

Jibu 1
Chukua ya maji mkuu, ile inatetemesha maji mpaka yanakuwa ukungu, unadondoshea matone 3 hadi 5 tu inatosha, haina kelele na haipashi mafuta moto kwahiyo harufu haibadiliki. Ila isafishe mara kwa mara, maji yakilala humo utando unajijenga. Na kama chumba kina unyevu tayari, hapo vijiti ni bora.

Jibu 2
Nebulaiza kwa chumba kidogo hapana, inarusha mafuta matupu bila maji, harufu kali sana halafu chupa inaisha haraka.

Jibu 3
Jamani huyo paka! Ini lake haliwezi kuvunja vitu vingi vilivyomo kwenye haya mafuta, mafuta ya mkaratusi na ya peremende (aina ya mnanaa) yanaweza kumdhuru kabisa. Hata vijiti akiviangusha akajilamba manyoya ni hatari. Tafadhali ongea na daktari wa mifugo kabla hujanunua chochote.