Ripoti ya CAG ikishasomwa, nani anatakiwa kumpeleka mtu mahakamani?

Jembe la Mpini Mfupi:
Wakuu salaam. Naomba anayejua sheria anijibu taratibu, siasa nimezichoka. Kila mwezi wa nne ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inatua bungeni tunashtuka, mashine za POS zimekusanya ushuru hela haijafika benki, mradi umelipwa haupo, wiki mbili tunagombana kwenye magrupu ya WhatsApp halafu kimya mpaka mwakani. Na hapa kijijini kwetu mtendaji hajasoma mapato na matumizi toka mwaka jana mwezi wa sita, ukiuliza mkutanoni unaambiwa wewe mpinzani wakati kadi yangu ni ya kijani, ya CCM, na ada nimelipia. Sasa mtu akitajwa kwenye ripoti nani anamkamata? Au CAG ni kama wale wa hali ya hewa, anatangaza mvua anaenda zake?

Chizi Maarifa wa Tandika:
Mkuu unajichosha. Mramba na Yona walikuwa mawaziri, 2015 mahakama ikawakuta na hatia ya ule msamaha wa kodi wa kampuni ya kukagua dhahabu ulioitia serikali hasara ya bilioni 11.7, wakapigwa miaka mitatu, rufaa ikashusha ikawa miwili, 2016 mwezi wa pili washapewa kifungo cha nje wanafanya usafi hospitali ya Palestina Sinza. Na hiyo ndo kesi iliyofanikiwa! Kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond 2008 waziri mkuu na mawaziri wawili waliachia ngazi, jela kaenda waziri gani?

Mstaafu Fungu 5:
Kijana hapo juu umechanganya mambo mawili. Kujiuzulu ni siasa, kesi ni sheria. Mzee Mwinyi aliachia wizara ya mambo ya ndani miaka ya 70 kwa mauaji ya raia mikononi mwa polisi Shinyanga na hakumgusa mtu kwa mkono wake, ule ulikuwa uungwana, hauna kifungu.

Sasa nijibu swali. Nimekaa uhasibu wa halmashauri miaka mingi, wakaguzi nimewapokea sana. Anachoandika mkaguzi kinaitwa hoja, hoja siyo shitaka. Maana yake hapa kuna malipo sijaona viambatisho, nieleze. Mkurugenzi wa halmashauri ndo afisa masuuli, yani mwenye dhamana ya fedha, yeye anajibu. Na hapa ndo penye mchezo wenyewe, kati ya hoja kuandikwa na ripoti kusomwa watu wanakesha wanatafuta risiti, nyaraka iliyokuwa imepotea inaonekana ghafla, masurufu ya mtu, yani hela aliyotangulizwa kwa kazi, yanarejeshwa kwa kukopa kwa jirani, hoja inafungwa. Mtu aliyetumia fedha mbichi, yani kakusanya ushuru kala kabla ya kupeleka benki, akirudisha anaonekana muungwana wakati kosa alishalifanya. Nimeona kwa macho mtu wa hivyo akahamishiwa wilaya nyingine na posho ya uhamisho juu.

Zile hoja zisizofungika zinaenda kamati za bunge, PAC za serikali kuu na LAAC za halmashauri. Kamati inahoji, inapendekeza, haina pingu. Mwenye pingu ni polisi na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, na TAKUKURU nao ukitoa kesi za hongo yenyewe, hizi za matumizi mabaya ya madaraka lazima DPP, mkurugenzi wa mashtaka, atie saini ndo ziende kortini. DPP akikaa na jalada, limekaa.

Mama Pili Gongo la Mboto:
Mzee umeeleza vizuri ila umeruka pa moto. CAG anateuliwa na Rais, mkuu wa TAKUKURU Rais, DPP Rais, mkurugenzi wa halmashauri Rais. Profesa Assad aliyekuwa CAG, 2019 aliambiwa muda umeisha akawekwa mwingine, 2022 Mahakama Kuu ikasema ilikuwa kinyume cha katiba, wakati huo mwenzie kashakaa ofisini miaka mitatu. Sasa mhasibu wa wilaya akiona hivyo atamuogopa mkaguzi? Mimi watumishi wenyewe siwachukii, mdogo wangu ni nesi na hajawahi kula cha mtu, ninachokataa ni huu mlango mmoja wa kuingilia na kutokea.

Mstaafu Fungu 5:
Dada hapo sibishi, pensheni yangu bado inategemea hao hao, hahaha.

Ila wewe Jembe kesi yako ni nyepesi kuliko ya CAG. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yanasomwa hapo, na wanakijiji mna haki ya kuyakataa. Usigombane mdomo. Andika barua, taja sheria ya haki ya kupata taarifa ya 2016, wana siku 30 za kukujibu. Omba muhtasari wa mikutano na taarifa ya benki ya akaunti ya kijiji. Toa kopi mbili, yako wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, bila muhuri hujaandika kitu.

Jembe la Mpini Mfupi:
Mzee asante sana, nimeelewa. Tatizo muhuri wa kijiji anao mtendaji, anatembea nao kwenye mkoba wa pikipiki.

Mstaafu Fungu 5:
Basi panda gari uende masjala ya halmashauri, pale wanapopokea barua, iandike kwa mkurugenzi, nakala kwa mtendaji. Nenda Jumanne asubuhi, Jumatatu wapo vikaoni.