Begi linaniua mabega na Jumamosi tunapanda Rungwe. Ushauri wakuu

KijanaSoweto: Wakuu habari za jioni. Nina begi la kupandia mlima, lita 65, mtumba wa Mwanjelwa, zima kabisa. Jumamosi tunapanda Rungwe kupitia Isongole na tutalala hukohuko. Nimelijaribu mlima Loleza likiwa limejaa: kabla ya nusu ya njia mabega yanawaka na vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Nataka kuongeza sponji kwenye mikanda ya mabegani. Inchi moja au mbili? Fundi nimeshampa nusu ya hela, nijibuni haraka.

MamaTukuyu: Mdogo wangu, sponji ikilowa mvua ya Rungwe itakuwa mzigo mwingine. Nguo zako ziweke kwenye mfuko wa nailoni kwanza. Kaka yangu alishuka kule na blanketi limelowa chapachapa, tukalianika siku nzima na bado lilinuka.

MkingaHalisi: Bibi zetu Makete wanapanda milima na gunia la viazi kichwani, mtoto mgongoni. Vijana wa mjini mnataka sponji!

Njia_ya_Juu: Achaneni na bibi. Mkuu, mkanda wa kiunoni unakukaa wapi? Juu ya nyonga au tumboni?

KijanaSoweto: Tuzungumzie mabega kwanza, ndiko kunakouma.

Njia_ya_Juu: Nimeuliza mkanda.

KijanaSoweto: Haupo. Niliukata. Ulikuwa unaning'inia na kunasa mlangoni kwenye daladala. Mbona mabegi ya shule hayana na watu wanabeba?

Njia_ya_Juu: Mkuu, umekata sehemu inayobeba. Uzito mwingi wa begi kubwa unatakiwa ushukie nyongani. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kulizuia lisilale nyuma. Ukivaa, legeza kila kitu, pandisha begi, funga mkanda wa kiunoni ili sponji yake ikumbatie mifupa ya nyonga, ukaze. Ndipo uvute ya mabegani hadi iguse bega bila kulikandamiza. Vile vikanda vidogo vya juu vinavyotoka begani kurudi kwenye begi, vivute vikae mshazari, kama nyuzi 45. Cha kifuani funga mwisho, chini kidogo ya mitulinga, upumue vizuri. Na begi likuenee mgongo: inamisha kichwa, gusa mfupa unaotokeza chini ya shingo, mtu akupimie kwa tepu ya fundi kutoka hapo mpaka usawa wa juu wa nyonga. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuwa na migongo tofauti.

NesiMstaafu: Mimi hiyo ganzi ndiyo inanitia wasiwasi. Kuna mishipa ya fahamu inayopita karibu na bega kwenda mkononi, na mkanda unaibana. Mwanangu, ukivua begi ganzi isipoisha, au mkono ukikosa nguvu, nenda kituo cha afya, usisubiri Jumamosi. Mzigo kilo ngapi?

KijanaSoweto: Nilipima kwenye mizani ya viazi, 22. Mimi nina 58. Ganzi inaisha, shikamoo mama.

DodosoMbeya: Hii chai! Rungwe watu wanapanda asubuhi, jioni wako Tukuyu wanakula ndizi. Kilo 22 za nini? Na mkanda huo nani anaukata? Anatafuta huruma ili aje kutuuzia begi.

MkingaHalisi: Hata mimi nimeanza kunusa iliki.

MamaTukuyu: Jamani, watu wanalala huko, mnabishana nini.

KijanaSoweto: Siuzi kitu. Hema la watu wanne, sufuria, mchele, maji. Mkanda nilirudi kwa fundi kuuliza, ameshaushonea begi la mteja mwingine. Mnaosema chai njooni Isongole Jumamosi.

NesiMstaafu: Kwa kilo 58 usivuke 11 au 12, yaani moja ya tano ya uzito wako. Mwanangu umebeba karibu mara mbili.

Njia_ya_Juu: Basi mwambie fundi aache sponji, ashone mkanda mpana wa kiunoni, aukamatishe chini kwenye fremu, sio kwenye kitambaa kitupu. Akishindwa, rudi Mwanjelwa na kipimo cha mgongo wako utafute jingine. Vizito viweke katikati, karibu na mgongo. Ukiviweka nje begi litakuvuta nyuma kwenye mteremko.

KijanaSoweto: Mkanda sawa, nitamwambia. Ila sponji nataka pia, nimeshalipia. Hema siwezi kulipunguza.

NesiMstaafu: Mnakwenda wangapi?

KijanaSoweto: Wanne.

NesiMstaafu: Na hao watatu wamebeba nini?

KijanaSoweto: Mmoja ana spika.