Mjadala: Ukali wa mzazi unamjenga kijana au unamvunja?

Ndugu zangu, jana msibani hapa Kibirizi, Kigoma, wazee wawili walibishana vikali. Mmoja anasema vijana wetu wana msongo wa mawazo kwa kuwa hawachapwi. Mwenzake anasema wana msongo huo kwa kuwa wamechapwa mno. Naweka hoja yangu, nanyi leteni zenu.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku yuko ziwani, mchana amelala. Tulimpata wakati wa mbalamwezi tu, mitumbwi ikipumzika, na hapo mama anamsomea mashtaka yote, naye anachukua fimbo. Nikiwa kidato cha pili nilikuwa naomba mwezi usijae.

Mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Marekani, miaka ya 1960, alitofautisha wazazi wa kuamrisha tu, wa kuachia tu, na wanaoweka masharti huku wakisikiliza. Akawapendelea hao wa mwisho. Mtasema hayo ni ya Wazungu. Lakini mwaka 1994 mtafiti Ruth Chao alichunguza malezi ya Wachina walioko Marekani, akaeleza kwamba ukali wao umebeba maana ya kumtunza mtoto. Nasi Waha tunao huo: bibi anakufokea huku anakupakulia ugali. Ukali wa bibi haukuninyima usingizi hata siku moja.

Fimbo ni jambo jingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Kama ingekuwa dawa, tungeshapona.

Mama wa wanne, Mwanga, Kigoma: Kaka, umesema vizuri, ila mimi nauza samaki, migebuka, natoka alfajiri narudi giza. Muda wa kumsikiliza binti wa miaka 15 naupata wapi? Fimbo ni dakika mbili.

Mleta mada: Dada, sikulaumu hata kidogo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, kaka yangu alikaa nyumbani mfukoni hana kitu, anashona nyavu uani na mwanawe mtoro wa shule. Hawakuongea mengi. Siku moja mtoto akasema mwenyewe: vijana wakubwa humvizia njiani wakamnyang'anya hela. Viboko vya miaka miwili havikuwahi kulitoa neno hilo. Jumamosi mchukue binti akusaidie kubeba beseni hadi mwaloni. Njiani usimuulize kitu.