Naomba ushauri: waya wa ardhi juu ya lava, Goma

Wandugu mafundi, natengeneza pawa saplai za kompyuta hapa Goma. Ukigusa boksi la chuma, mwili unasisimka. Mita inaonyesha karibu volti 110, nusu ya umeme wa ukutani. Chanzo ni kapasita mbili za Y (zinazounganisha nyaya za umeme na boksi) kwenye chujio la pale umeme unapoingia, na nyumba haina waya wa ardhi, wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Wateja wanataka nizikate tu. Sikubali: zinazuia kelele za umeme za masafa ya juu, na hatari yenyewe, yaani kukosa ardhi, ingebaki palepale.

Shida ni kwamba tumejenga juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002. Nondo ya ardhi haiingii. Ninyi mnaoishi juu ya mawe mmefanyaje? Waya mrefu wa shaba uliolazwa kwenye udongo wa kuletwa unatosha? Na disjonta diferensieli ya mA 30 (swichi inayokata umeme ukivuja kufikia miliampia 30) itawalinda watu wakati ardhi bado mbovu?