Kioo kilichopinda, kioo bapa au ukingo mpana: kipi hakijigusi chenyewe mkononi?

Msomaji_Usiku
Wakuu, nisaidieni kabla sijatoa pesa. Simu yangu ina kioo kilichopinda pembeni na imenichosha. Nikiishika kwa mkono mmoja, nyama iliyo chini ya kidole gumba inagusa ukingo na ukurasa unaruka. Nasoma saa nzima kila usiku nikiwa nimelala ubavu, kwa hiyo si jambo dogo kwangu. Nachagua kati ya simu yenye kioo bapa, tableti ndogo, na kifaa cha kusomea vitabu tu. Aliyevitumia aniambie ukweli.

fundi_vioo
Mkuu, tatizo lina chanzo chake. Vioo vya zamani vilitaka ubonyeze hadi tabaka mbili zikutane. Vya sasa vina uga mdogo wa umeme, ngozi ikigusa tu uga unabadilika na kioo kinahesabu mguso. Kama ni ncha ya kidole au kiganja, hiyo ni kazi ya programu kukisia: inaangalia ukubwa wa doa, mahali lilipo, na kama linatembea. Kiganja kilicholala huacha doa pana, kinapuuzwa. Lakini ukingo uliopinda hugusa kijisehemu tu cha nyama, doa linatoka dogo kama la kidole. Hapo ndipo programu inapodanganyika.

Na ukiongeza ukali wa kuchuja, unaumia kwingine: herufi za pembeni kwenye kibodi, Q na P, zinaanza kugoma.

Galaxy S6 edge ya 2015 ndiyo iliyowazoesha wengi kioo cha namna hii. Huawei Mate 30 Pro ya 2019 ilipinda zaidi, hadi vitufe vya sauti vikaondolewa ukawa unavitafuta kwa kugonga ukingo wa kioo. Galaxy S24 Ultra ya 2024 imerudi kwenye bapa. Mimi ningechukua bapa bila kufikiri mara mbili.

Zuhura_K
Sikubaliani na fundi moja kwa moja. Kioo kilichopinda kinateleza vizuri unapovuta kutoka ukingoni kurudi nyuma, na simu inakaa nyembamba kiganjani. Ila nakiri kava haliwezi kukuokoa: likiinuka kufunika ukingo, linafunika na kioo. Kwenye bapa, kava lenye midomo iliyoinuka linakupa pa kushika.

BiMwanga
Nimepitia tableti zote mbili, ya zamani na ndogo. iPad ya kwanza, 2010, ilikuwa na ukingo mpana pande zote, kidole gumba kinakaa hapo na hakuna kinachotokea. Lakini gramu 680! Mkono ulikuwa unakufa ganzi. iPad mini ya 2012 ilikuja na gramu 308 na kingo nyembamba ubavuni, ikabidi programu ijifunze kupuuza kidole gumba kilichotulia. Kikitulia kweli, inafanya kazi. Kikisogea kidogo tu, umeshafungua kiungo usichokitaka.

Hata hivyo nachagua nyepesi. Kifaa kizito unakikaza, na ukikaza, nyama inafurika kwenye kioo.

fundi_vioo
Hilo la kukaza sikuwa nimelifikiria, na ni kweli tupu.

Kurasa_Elfu
Kwa kusoma tu, tafuta chenye vitufe vya kugeuzia ukurasa. Kindle Oasis ya 2016 ilikuwa na upande mmoja mpana na mnene wenye vitufe viwili, uzito umelalia kiganjani, na ukibadilisha mkono maandishi yanajigeuza. Imeacha kuuzwa, naisikitikia mpaka leo, lakini umbo hilo ndilo la kutafuta. Simu haijawahi kunipa raha ile.

Msomaji_Usiku
Asanteni sana. Leo nimeazima tableti ndogo, nimelala nayo nusu saa. Mkono wa kushoto safi kabisa. Wa kulia, kidole gumba kinaangukia palepale pa kugeuzia ukurasa. BiMwanga, hilo linazimika?

BiMwanga
Kwenye programu ninayosomea mimi, ndiyo. Ingia kwenye mipangilio ya kusoma, uzime kugeuza kwa kugonga, ubaki na kutelezesha kidole. Angalia kama yako ina kipengele hicho kabla hujanunua.

Msomaji_Usiku
Ipo. Nimezima, na nimesoma sura mbili bila ukurasa kuruka.